Pai si 22/7, hata tarehe 22 Julai

Kila Machi ikifika katikati, tarehe 14, picha zenye alama ya π huanza kupita kwenye makundi ya WhatsApp. Nyingi huwa na maneno ya namna hii: "Leo ni siku ya pai, 22/7." Hapo kuna makosa mawili yaliyobebana mgongoni, la tarehe na la hesabu.

Pai ni uwiano. Chukua mzingo wa duara, gawanya kwa kipenyo chake. Duara liwe la kizibo cha soda au la gurudumu la lori, jibu ni lile lile: 3.14159265 na kuendelea. Maana yake ni hiyo tu.

Jina ndilo lenye safari ndefu. Wagiriki wa kale hawakuiita pai. Archimedes, aliyeikamata vizuri kuliko waliomtangulia, hakuwa na jina lake hata moja. Alichofanya ni kulibana duara kati ya maumbo mawili ya pande 96, moja ndani na jingine nje, akaonyesha kwamba uwiano huo umezidi 3 na 10/71 lakini haufiki 3 na 1/7. Hiyo 3 na 1/7 ndiyo 22/7 yetu, na tazama alivyoiweka: kama ukuta ambao pai haiufikii. Herufi π ilikuja kutumika kwa maana hii mwaka 1706, katika kitabu cha William Jones, mtu wa Wales. Ni herufi inayoanza neno la Kigiriki la mzingo. Mwanahisabati Leonhard Euler akaizoea, na kwa kuwa kila mtu alisoma vitabu vya Euler, ikabaki.

Matamshi "pai" tumeyapata kwa Waingereza. Mgiriki mwenyewe husema "pi", na mwanafunzi wa Lubumbashi au Bujumbura aliyefundishwa kwa Kifaransa naye husema "pi". Si jambo dogo, kwa sababu utani mzima wa sikukuu hii umesimama juu ya matamshi hayo ya Kiingereza: pai ya hesabu na pai ya kula hutamkwa sawa. Ndiyo maana mwaka 1988 Larry Shaw, mwanafizikia wa jumba la sayansi la Exploratorium huko San Francisco, alipoanzisha sherehe hiyo, watu walitembea kuzunguka duara kisha wakala pai za matunda. Baraza la Wawakilishi la Marekani liliitambua siku hiyo mwaka 2009, na mwaka 2019 UNESCO ikaifanya Machi 14 kuwa Siku ya Kimataifa ya Hisabati. Kwetu chapati ingefaa zaidi, maana angalau ni duara, lakini utani wa jina ungepotea.

Tarehe nayo ni ya Kimarekani. Wao hutanguliza mwezi, kwa hiyo Machi 14 huandikwa 3/14. Sisi tunaandika 14/3, na hapo hakuna pai yoyote. Tukiilazimisha 3.14 iingie kwenye mpangilio wetu, tutahitaji tarehe 3 ya mwezi wa 14, au tarehe 31 ya mwezi wa 4, na Aprili ina siku 30. Wanaotanguliza tarehe wana siku yao, Julai 22, yaani 22/7, ambayo huitwa siku ya makadirio ya pai. Jina hilo linaionea. Eti ya Machi ni ya pai yenyewe na ya Julai ni ya makadirio! 3.14 nayo ni makadirio, tena yaliyo mbali zaidi: imepungua kwa 0.00159, wakati 22/7 imezidi kwa 0.00126. Kipenyo cha dunia kwenye Ikweta ni kilomita 12,756. Ukitafuta mzingo wake kwa 3.14 unapoteza kilomita 20 hivi. Kwa 22/7 unaongeza 16.

Lakini makadirio mazuri hubaki makadirio, na hapa ndipo darasa lilipotuharibia. Maswali ya mtihani huja na mabano: (Tumia π = 22/7). Nusu kipenyo huwa 7, 14, 21 au 35, ili ile 7 ya chini ifutike na mtoto asihangaike na desimali. Ni busara. Tatizo ni kwamba miaka inapita, neno "tumia" linasahaulika, alama ya = inabaki kichwani. Swali linalofuata husema (Tumia π = 3.14) na hakuna anayeshtuka. Kama zote mbili ni sawa na pai, basi zenyewe ni sawa. Zidisha kila moja kwa 7: moja inatoa 22, nyingine 21.98.

Wengine hujitetea kwamba 22/7 lazima iwe pai kwa sababu "haina mwisho". Ni kweli desimali zake haziishi, lakini zinajirudia. Fanya ule mgawanyo mrefu. Ukigawanya kwa 7, baki inaweza kuwa 1, 2, 3, 4, 5 au 6 tu (ikiwa 0, umemaliza). Kwa 22 baki zinakuja 1, 3, 2, 6, 4, 5, halafu 1 tena, na kuanzia hapo tarakimu 142857 zinazunguka milele. Sehemu yoyote ya namba nzima mbili ina tabia hiyo: ama inaisha, ama inazunguka. Pai haifanyi lolote kati ya hayo, na mwanahisabati Johann Heinrich Lambert alilithibitisha mwaka 1761. Kwa hiyo hakuna sehemu itakayoipata kamili, hata 355/113, iliyo sahihi hadi desimali ya sita. Na tafadhali, pai yenyewe si "namba isiyo na mwisho". Ni ndogo kuliko 4. Zisizoisha ni tarakimu zake.

Anayetaka kuipima nyumbani achukue sufuria na uzi, ila asipime kipenyo kwenye mdomo uliokunjwa nje halafu azungushe uzi chini ya mdomo huo. Sufuria ya sentimita 28 yenye mdomo wa 30 itampa 2.93, na atalaumu hesabu. Apime vyote mahali pamoja. Rula isiyopita katikati hufupisha kipenyo: ikikosea kati kwa sentimita 1, jibu linapanda hadi 3.15. Uzi nao una unene. Ukiwa wa milimita 1 unaongeza milimita 3 hivi kwenye mzingo, ilhali kwa sufuria hiyo tofauti kati ya 22/7 na pai haifiki nusu milimita. Jikoni, basi, 22/7 inatosha kabisa, na fundi anayekata bati la pipa hana sababu ya kuiacha.

Picha ya Machi 14 ikija tena na 22/7 yake, hakuna haja ya kumwaibisha aliyeituma. Mwambie tu aiweke hadi Julai 22, na kabla ya kuituma ile alama ya = aigeuze iwe ≈, yaani "karibu sawa na".