Hadithi kwa klasi ya French sio kupoteza muda

"Madam, unawafundisha ama unawapigia tu stori?" Hiyo nimeulizwa stafrumu mara mingi sana tangu nianze kufunza Kifaransa kwa hadithi hapa Kisumu, na wenye wanauliza hawana ubaya, ni vile kuna vitu watu wameambiwa wakaamini.

Ati hadithi ni za nasari. Blaine Ray, mwenye alianzisha hii mbinu miaka ya 1990, alikuwa mwalimu wa Kispanyola wa sekondari kule California, sio nasari. Na sisi wa huku tumelelewa na sigana, hadithi za Kiluo, nyanya akianza tu "Apwoyo na Ondiek" (Sungura na Fisi) hakuna mtoto analala.

Yenye inaniuma ni hii ya kusema ati hakuna grama. Grama iko, tena mob, ni vile tu haiji na jedwali ubaoni. Kuna msichana wangu wa Form Three alikuwa anaandika "je suis faim" kila siku, nimemsahihisha na kalamu nyekundu mpaka nikachoka, juu kwa Kifaransa njaa unakuwa nayo, huwi njaa. Siku moja nikaleta sungura mwenye njaa anaenda soko ya Kibuye kutafuta samaki. Le lièvre a faim. Nani ako na njaa? Ni sungura ama ni simba? Sungura ako na njaa ama kiu? Nauliza hivyo hivyo, wanajibu kwa neno moja moja, hiyo sentensi wameisikia labda mara ishirini na hakuna amechoka juu wanataka kujua kama samaki atapatikana. Brek ikafika, huyo msichana akaangalia mandazi ya mwenzake akasema "j'ai faim." Hakufikiria hata.

Alafu zile nyakati mbili zilizopita zenye zinasumbua kila mtu, imparfait na passé composé, mahali pake ni ndani ya hadithi. Sungura alikuwa analala, simba akaingia: le lièvre dormait, le lion est entré. Hiyo "alikuwa analala" na hiyo "akaingia" mtoto tayari anazo kwa Kiswahili, mimi namwonyesha tu mlango.

Wengine hudhani ni marufuku kutafsiri. Hapana, maneno mapya naandika ubaoni na maana yake kabla hadithi ianze, juu asipoelewa hiyo ni kelele tu.

Na KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, je? Mtihani wa French uko na kusikiza, imla, insha na kuongea. Mtoto mwenye amesikia Kifaransa mwaka mzima, akasoma zile hadithi tumetunga pamoja, imla haimshtui. Ukitaka kujaribu hauhitaji kuwa msimulizi hodari, anza na mhusika mmoja, shida moja, na vitenzi vitatu: avoir (kuwa na), vouloir (kutaka), aller (kuenda). Wanafunzi watakuambia sungura ataenda wapi. Wangu walimpeleka Dunga, huko ufuoni mwa ziwa.