Tungsten ni neno la Kiswidi, ila Waswidi wenyewe wanasema volfram

Mafundi wenzangu, hili la tungsten na volfram naulizwa sana nikifundisha kuchomelea kwa tigi (TIG, yani kuunganisha vyuma kwa moto wa umeme), bora niliandike. Juzi kijana kaniletea boksi la elektrodi (vijiti vya metali ya tungsten vinavyopitisha umeme wa kuchomelea) limeandikwa kwa Kiswidi "volframelektrod", anataka alirudishe dukani, eti mi niliomba tungsten wamenipa kitu kingine. Nikamwambia tulia, ni kitu kilekile!

Kwa Kiswidi "tung" ni zito na "sten" ni jiwe, basi, jiwe zito. Mwaka 1751 Mswidi Cronstedt alilielezea jiwe la mgodi wa Bispberg lililokuwa zito kupita kiasi, wakaliita hivyo, halafu 1781 mkemia Scheele akalichunguza na kupata asidi ya metali mpya, ila metali yenyewe ilitolewa 1783 Hispania na ndugu wawili wa ukoo wa Elhuyar, tena kutoka jiwe lingine kabisa ambalo Wajerumani walikuwa wanaliita wolfram. Sasa Waingereza wakabaki na jina la jiwe la Waswidi, Waswidi wakachukua la Wajerumani. Hata wachimbaji wa Rwanda na Kivu husema wolfram, na alama yake ya kikemia, W, imetoka kwenye jina hilo.

Hapa ndo watu wengi wanachanganya. Ukiona elektrodi imeandikwa WT20, hiyo T sio tungsten jamani, tungsten ni hiyo W! T ni thoriamu, na 20 maana yake oksidi ya thoriamu kama asilimia 2, ncha yake nyekundu. (Thoriamu nayo kaigundua Mswidi, Berzelius, akaipa jina la mungu wao wa radi, Thor.) Ina mionzi kidogo, ukiishika mkononi sio shida kubwa, shida ni vumbi lake unapoinoa kwenye grainda na kulivuta puani kila siku, kwa hiyo vaa barakoa, na mi nasema kama unaweza hamia WL15 yenye ncha ya dhahabu, hiyo L ni lanthanamu, haina mambo ya mionzi na moto wake unawaka vizuri tu.

Na Waswidi kuchomelea huku wanakuita "TIG-svetsning", kama Waingereza, na T ya TIG ndo tungsten. Yani neno lao limerudi nyumbani kupitia Kiingereza, limebaki herufi moja, na pembeni yake wameandika volfram.

Yule kijana boksi lake lilikuwa WL15. Tulinoa moja palepale, akaanza kazi.