Kituo cha kura kuhamishwa sio wilaya ya uchaguzi kubadilishwa

Jamani kila ramani mpya ya wilaya za uchaguzi ikitoka Marekani nasikia watu wanasema eti kituo changu kimehamishwa basi wamenikatia mbunge wangu, hapana, hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa na wanaochora ni tofauti. Chukua Minnesota, jimbo lenye Wasomali na Wakenya kibao: mipaka ya wilaya za uchaguzi (maeneo ambayo kila moja linachagua mbunge wake), yaani 8 za Kongresi ambayo ni bunge la taifa, 67 za Seneti ya jimbo na 134 za Baraza la Wawakilishi la jimbo, inachorwa upya kila baada ya sensa ya miaka 10. Kazi hiyo ni ya bunge la jimbo lakini 2022 walishindwa kuelewana, ikabidi jopo la majaji lichore lenyewe na ramani ikatoka Februari 15.

Sasa prisinti ni kile kieneo kidogo cha kupigia kura tu, na hicho kinapangwa na halmashauri ya mji wenu, ambayo inasubiri wilaya zichorwe kwanza ndo ipange prisinti zake ndani ya wilaya hizo, maana prisinti moja haitakiwi kukatwa katikati na mpaka wa wilaya. Kwa hiyo unaweza kuhamishwa toka kituo cha shule hii kwenda cha kanisa lile na mbunge akabaki yuleyule, au ukabaki palepale na mbunge akabadilika!

Na hapana, huhitaji kujiandikisha upya kisa mstari umesogea, ukihama nyumba ndo unajiandikisha tena. Ujanja wa vyama kuchora ramani kwa kujipendelea upo kweli, ila uutafute kwenye mipaka ya wilaya, sio kwenye vituo.