Je, wajua? Kwa nini aliyezidisha unga, yaani heroini, huokolewa, kisha huamka na hasira

Analetwa na bajaji, midomo imebadilika rangi, mboni za macho zimesinyaa kama tundu la sindano. Anavuta pumzi moja, ya pili haijulikani itakuja lini. Wenzake wa maskani wameshammwagia maji na kujaribu kumnywesha maziwa. Hilo la maziwa ni hatari: asiye na fahamu hamezi, yanaishia mapafuni.

Wahudumu wa dharura humsukumia hewa kwanza, maana kinachoua hapa ni kukosa pumzi. Kisha hufuata sindano ya naloksoni. Ikipita mshipani, dakika moja au mbili tu, mtu kafumbua macho. Badala ya kushukuru anatukana, anataka kung'oa dripu aondoke.

Si utovu wa shukrani. Heroini ikiingia mwilini hugeuka mofini, ikakalia vipokezi vya ubongo, vikiwemo vinavyoendesha upumuaji. Naloksoni huing'oa na kukaa mahali pake kama abiria asiyelipa nauli: kiti kimejaa, faida hakuna. Mwili uliozoea unga kila siku unajikuta mkavu ghafla. Arosto ambayo kwa kawaida hunyemelea kwa saa kadhaa, yaani jasho, kutapika, mifupa kuuma, inamfikia kwa mkupuo. Ndiyo maana daktari mzoefu huanza na kiasi kidogo, hata miligramu 0.04, akiongeza polepole. Anachotafuta ni pumzi irudi. Kusimama kutakuja baadaye.

Na kwa nini wanamzuia asiondoke? Naloksoni hudumu kati ya dakika 30 na 90, unga hukaa zaidi ya hapo. Dawa ikiisha, mofini iliyobaki inarudi kwenye viti vyake, na safari hii huenda amelala peke yake gheto. Akiwahi kujidunga tena kukata arosto, ndiyo kabisa.

Muda huo wa kumsubirisha una kazi nyingine. Mwaka 2015, watafiti wa Yale, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 329 wa heroini na dawa za jamii yake waliopitia wodi ya dharura. Walioanzishiwa palepale buprenofini, dawa ya kutuliza arosto, asilimia 78 walikuwa kwenye matibabu siku ya 30. Waliopewa rufaa tu, asilimia 37. Kwetu Muhimbili, methadoni, dawa nyingine ya kuzuia arosto, ilianza kutolewa mwaka 2011: kikombe kimoja kwa siku, unakunywa mbele ya mhudumu, na arosto haiji mpaka kesho.