Swali Ni la Nani? Utafiti Shirikishi katika Mitaa ya Watu wa Kipato cha Chini

Utafiti shirikishi huelezwa mara nyingi kana kwamba ni njia ya kukusanya takwimu kwa upole zaidi: mtafiti anakuja na hojaji yake, anawaajiri vijana wa mtaa waijaze, kisha anawashukuru mwishoni mwa ripoti. Kwa mtazamo wangu hiyo ni ajira ya muda, si ushirika. Ushirika huanza pale wakazi na wahamasishaji wao, yaani wenzao wanaowaunganisha kutetea mtaa, wanapokuwa na kauli juu ya swali lenyewe, kwa kuwa swali ndilo linaloamua kitakachohesabiwa, na kisichohesabiwa hakifiki mezani pa wapanga mipango.

Fikra hii ina mizizi mirefu Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1970, Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Ufini, alifanya kazi Tanzania pamoja na wanavijiji, na mradi wa Jipemoyo ulioendeshwa Bagamoyo ulitokana na kazi ya namna hiyo. Mwaka 1977 watafiti wenye mwelekeo huo walikutana Cartagena, Kolombia, ambako mwanasosholojia wa nchi hiyo, Orlando Fals Borda, alikuwa miongoni mwa viongozi wa mjadala.

Mfano ninaourudia sana, hata hivyo, ni wa Bombay, mji unaoitwa Mumbai siku hizi. Julai 1985, Mahakama ya Juu ya India ilikubali kwamba haki ya kuishi inabeba haki ya kujipatia riziki, lakini ikairuhusu manispaa kuwaondoa watu waliojenga vibanda kando ya barabara ilimradi wapewe notisi. Shirika la SPARC, lililoanzishwa mwaka uliotangulia, liliwahesabu watu hao likishirikiana na wanawake walioishi humo vibandani, na takriban kaya 6,000 zikaandikishwa. Wengi walionekana kuwa wakazi wa muda mrefu wenye kazi karibu na walipolala, si wapita njia kama ilivyodaiwa. Lililo kubwa zaidi kwangu ni kwamba wanawake hao hawakutawanyika baada ya hesabu kwisha, bali mwaka 1986 waliunda umoja wao, Mahila Milan. Mbinu ya wakazi kujihesabu ilienea baadaye katika miji mingi kupitia Slum Dwellers International, mtandao wa kimataifa wa mashirikisho ya wakazi wa mitaa ya mabanda. Muungano wa Wanavijiji wa Kenya ni mmoja wa wanachama wake, na tafiti zilizofanywa na wakazi pamoja na vyuo vikuu zilichangia mtaa wa mabanda wa Mukuru, Nairobi, kutangazwa mwaka 2017 kuwa eneo maalumu la mipango, yaani eneo linaloandaliwa mpango wake lenyewe. Moja ya hoja zilizobebwa na tafiti hizo ilikuwa kwamba wakazi wa Mukuru walilipia maji kwa bei ya juu kuliko watu wa mitaa yenye huduma rasmi.

Ujuzi wa mhamasishaji huonekana wazi katika swali la kodi ya nyumba. Hojaji iliyoandikwa ofisini huliweka baada ya idadi ya watu katika kaya, nalo huulizwa mlangoni. Mhamasishaji anajua kwamba mlango wa pili ni wa wakala wa mwenye nyumba, kwamba ukuta ni bati na kila neno linasikika, na kwamba mpangaji atataja kiasi kisichoweza kumletea shida. Kwa hiyo swali huhamishiwa kwenye kikao cha kikundi cha akiba, wakiwapo wapangaji peke yao, na kila mmoja huandika kiasi chake kwenye kikaratasi kisicho na jina na kukitumbukiza katika boksi. Takwimu zinazopatikana huwa za kuaminika zaidi, na hakuna aliyehatarisha chumba chake kwa ajili ya utafiti wetu.

Kuna pia mambo ambayo mtaa huamua yasiandikwe. Nimeona ramani ikichorwa kwenye karatasi kubwa iliyotandazwa sakafuni, na kalamu ikazuiwa ilipofika kwenye nyaya za umeme wa kuunganishiwa kinyemela, kwa sababu mchoro huo ungeweza kutumika siku ya msako. Mtafiti anayeona hilo kuwa pengo katika takwimu zake hajaelewa yuko upande gani wa kazi hii.

Kuhusu malipo nitasema kwa ufupi: anayekusanya, kuchambua na kutetea matokeo ni mtafiti mwenzetu, alipwe hivyo, na jina lake liandikwe akiridhia. Ratiba ni ngumu zaidi, kwa maana yetu hufuata muhula na ruzuku, ilhali ya wahamasishaji hufuata tishio la bomoabomoa. Likija, mahojiano husimama na kila mtu huelekea kwenye mkutano, mtafiti akiwamo.

Ndiyo maana ninasisitiza makubaliano ya maandishi kabla ya hojaji ya kwanza. Yaseme kwamba matokeo yatasomwa katika mkutano wa wakazi kabla ya kuchapishwa, kwamba wanaweza kuyasahihisha au kukataa sehemu isitoke, na kwamba nakala kamili ya takwimu, ikiwa imeondolewa majina, itabaki mikononi mwa kamati ya mtaa, ili notisi ikibandikwa kamati iitoe siku hiyo hiyo bila kumsubiri mtafiti aliyekwisha kuhamia mradi mwingine.