Nusukaputi si usingizi mzito

Wengi huamini kwamba anayepigwa nusukaputi amelazwa tu usingizi wa fofofo. Sivyo. Aliyelala ukimfinya ataamka. Aliyepewa propofoli (dawa ya nusukaputi inayodungwa mshipani) ya kutosha haamki hata umtikise vipi, na mara nyingi hata kupumua inabidi asaidiwe.

Propofoli hushika vipokezi (sehemu za seli zinazopokea kemikali) vya GABA, kemikali inayotuliza neva; vipokezi hivyo ndivyo breki za ubongo. Kipokezi kikifunguka, ioni za kloraidi (chembe zenye chaji hasi) huingia ndani ya seli ya neva, na seli hiyo inakuwa nzito kurusha ishara. Midazolamu, dawa ya kutuliza na kusinziisha, nayo hushika kipokezi hichohicho, ila mahali pengine. Ndiyo maana flumazenili, dawa inayoziba mahali hapo pa midazolamu, huizima midazolamu lakini haiondoi nguvu ya propofoli.

Ketamini, dawa nyingine ya nusukaputi, ina njia yake. Huziba vipokezi vya NMDA, vinavyopokea glutamati, kemikali inayochangamsha neva. Mgonjwa anaweza kubaki macho wazi kabisa na asijue lolote. Tena hutuliza maumivu, kazi ambayo propofoli haiiwezi (hapa ndipo wengi hushangaa), hivyo anayetumia propofoli, mtaalamu wa usingizi, huiongezea dawa kama fentanili, inayoshika vipokezi vya opioidi (dawa kali za maumivu za jamii ya mofini).