Je, wajua kwa nini kifauongo kinajikunja ukikigusa?

Nani hajachezea kifauongo utotoni, kile kimmea cha miiba chenye maua ya pinki kinachotambaa kwenye majani, unakigusa kinajikunja chap, unaenda zako ukirudi unakikuta kiko freshi kabisa. Asili yake Amerika ya Kusini na ya Kati, huku kililetwa tu kikazoea. Sasa kinajuaje kama kimeguswa, na kinajikunjaje wakati hakina misuli wala neva?

Kazi yote inafanywa na umeme na maji. Litazame jani kwa karibu, pale kila kajani kadogo kanaposhikana na kikonyo kuna kauvimbe, na pale jani zima linapotokea kwenye shina kuna kengine kakubwa zaidi, hizo ndo bawaba zake. Ndani yake kuna seli zilizojaa maji mpaka zimekaza, ndo zinashikilia jani likae wazi. Ukigusa tu, kalisiamu inapanda ndani ya seli, umeme unapita (ndiyo, umeme kabisa, unapimika kwa waya), halafu potasiamu na kloraidi zinatoka nje na maji yanazifuata. Seli za upande mmoja zinalegea, za upande wa pili bado zimekaza, basi jani lazima likunjwe.

Ukitaka kuuona huo umeme ukitembea, minya kajani ka mwisho kabisa kwa kucha utulie uangalie. Vijani vinafunga jozi kwa jozi kurudi nyuma, sentimita chache kwa sekunde, ukifika kwenye lile bawaba kubwa jani zima linaanguka puu. Kurudisha maji ndo kazi, inaweza kuchukua nusu saa hivi. Na kinalewa dawa pia! Karne ya 19 huko Ufaransa mwanasayansi Claude Bernard alikifukizia etha, ile dawa ya usingizi ya hospitali za zamani, kikawa ukikigusa hakishtuki.

Haya, faida yake nini? Mwaka 2022 watafiti wa Japani walitengeneza vifauongo visivyoweza kujikunja wakaviachia panzi, vikaliwa zaidi sana kuliko vile vya kawaida. Kwa hiyo ni kujihami, mdudu anatua anakuta meza imekunjwa.

Ila kujikunja kuna gharama, jani likifunga halipati jua la kutosha kutengeneza chakula. Ndo maana napenda jaribio la mtafiti Monica Gagliano kule Australia, lilitoka 2014: alikuwa anadondosha chungu cha mmea kama sentimita 15 hivi, anarudia na kurudia, mwanzo kinajikunja, baadaye kikaacha kabisa. Ukasema labda kimechoka, lakini kikitikiswa kwa namna nyingine kinajikunja vizuri tu, na karibu mwezi mzima baadaye kikidondoshwa bado hakijali. Wapo wanaobishana kama hiyo iitwe kumbukumbu, mimi naona iitwe tu, jina lingine sijalipata.